Barua Niliyomsomea Mama Nusu

Barua kutoka hospitali iliandikwa kwa Kiingereza, na kwa kuwa mimi ndiye niliyesomeshwa hadi chuo kikuu, mama alinikabidhi bahasha ikiwa bado imefungwa. Alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya jikoni akichambua mboga za saga.

“Nisomee,” alisema bila kuinua macho.

Nilisoma mstari wa kwanza, nikaruka hadi wa mwisho, kisha nikarudi katikati. Neno lenyewe lilikuwa hapo katikati. Baada yake palitajwa sehemu ya mwili na upande: titi, la kushoto. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na shahada ya takwimu, na sikuwa na mdomo wa kumtajia mama yangu titi lake.

“Wanasema nini?”

“Wanasema ni kifua.”

“Kifua?”

“Upande wa kushoto. Uanze dawa haraka.”

Aliendelea kuchambua. Majani mazuri yaliingia kwenye sufuria, yaliyotobolewa na wadudu yakaanguka miguuni pake. “Kifua,” akasema tena. “Haya.” Nilijua kwamba ameelewa, naye alijua kwamba nimejua, na mazungumzo yetu kuhusu ugonjwa wake yakaishia hapo. Nilikunja barua nikaenda kuificha kwenye begi langu la chuo.

Msomaji asiyetoka Kisii au Nyamira huenda akaniona mjinga, kwa hiyo inanibidi nieleze. Kwetu kuna heshima tunayoiita chinsoni. Ni haya iliyowekwa kati ya mzazi na mtoto wake, na hakuna anayekaa chini kukufundisha, unakua ukiikuta. Tangu nilipopashwa tohara nikiwa na miaka tisa, sijawahi kukanyaga chumba cha kulala cha mama. Nilihamia esaiga, kibanda cha vijana kilicho upande wa pili wa ua, na huko ndiko ninakolala hadi leo. Nguo zake za ndani sijui huzianika wapi. Nikimwona akitoka kwenye bafu la mabati nyuma ya nyumba, nageuza njia kana kwamba nimesahau kitu. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Dada yangu wa pekee yuko Uarabuni akifanya kazi za nyumbani, na mama alikuwa amenikataza kabisa kumpigia simu. “Aache kazi ya watu aje kunitazama nikitapika?” Basi tulibaki wawili katika boma: mgonjwa, na mtu asiyeruhusiwa kutazama ugonjwa.

Kingine kilichonitisha kilikuwa vikombe. Miaka michache kabla ya hapo, mama mmoja jirani alipata kansa ya koo, na habari ilipoenea, watu waliendelea kumtembelea vizuri tu, wakimwombea na kumpelekea ndizi, lakini hawakunywa chai yake. “Nimetoka kunywa sasa hivi,” walisema. “Leo nafunga.” Hakuna aliyemtukana. Chai ilipoa tu mezani, kikombe baada ya kikombe, hadi akaacha kuitengeneza. Mama yangu alikuwa mmoja wa waliofunga siku hiyo. Hilo tulilijua sote wawili.

Kwa hiyo tulikwenda kwenye matibabu ya kwanza kama wezi. Majirani tuliwaambia tunafuatilia hati ya shamba. Wodi ya dawa ilikuwa na viti vya kuegemea vilivyopangwa ukutani, bila pazia kati ya kimoja na kingine, na mimi nikawekewa kiti cha plastiki ubavuni pake, goti langu karibu na goti lake. Muuguzi alikuwa na haraka. Alikuja, akasema, “Tuone hapa kwanza, mama,” na kabla hata mmoja wetu hajaelewa, akafungua vifungo vya blauzi.

Niliruka. Niligonga kichwa kwenye chuma cha kutundikia dripu, chupa ikayumba, mgonjwa wa kiti cha pili akapiga kelele. Nilikaa nimeelekea ukutani hadi nikaambiwa nigeuke. Sikuona kitu. Naapa sikuona kitu. Lakini mama hakujua kama niliona au sikuona, na hilo si swali ambalo mama anaweza kumuuliza mwanawe, wala si jibu ambalo mwana anaweza kulitoa bila kuulizwa.

Nyumbani alitapika siku tatu. Nywele zikamtoka, akafunga kitambaa na kukibana kwa pini hata alipokuwa peke yake jikoni. Kila asubuhi mimi nilisimama mlangoni pa esaiga nikitazama paa la jikoni. Moshi ukitoka, yu hai. Ukichelewa, nilihesabu. Nilikuwa nikijiwekea kikomo: nikifika mia tatu na moshi haujatoka, nitakwenda kubisha. Asubuhi moja nilifika mia mbili tisini na kitu, jasho likinitoka kwenye baridi ile ya milimani, nikaanza kufikiri nitabishaje, nitaita vipi, na asipoitika nitaingia chumba nisichopaswa kuingia au nitamwita jirani, na jirani akija si ataona dawa? Nikiwa bado nafikiri, moshi ukatoka. Nilikaa chini kwenye umande.

Dawa ya pili ilikuwa Jumanne, wiki tatu baada ya ile ya kwanza. Wiki moja kabla, mama alikuwa akichuma majani ya chai nami nikimfuata na kikapu, akasema bila kugeuka, “Jumanne siendi.”

“Mama, walisema usikatize.”

“Kifua kimepona.”

“Hakijapona.”

“Wewe umekiona?”

Aliendelea kuchuma, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, mikono ikienda yenyewe. Nilimpigia simu muuguzi kwa siri. Alisema mgonjwa akiacha katikati, ugonjwa hurudi na nguvu, na baadaye hata daktari huwa hana la kufanya. Kisha akasema kuna kikundi cha wagonjwa kinachokutana mjini Kisii kila Alhamisi. “Mlete akae na wenzake. Dawa peke yake haitoshi.”

Nilipomgusia mama alicheka vibaya. “Nikakae na watu wanaopanga foleni ya kaburi?”

Basi nikaamua kwenda mwenyewe kwanza, kukagua. Ndivyo nilivyo. Hata nikialikwa harusi, hutangulia kuulizia choo kiko wapi. Niliandika kwenye simu maswali kumi na moja ya kuwauliza. La kwanza lilikuwa: mnafanya nini mtu akikataa?

Walikutana katika chumba cha kukodi juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kuogeshea ng’ombe ilipanda pamoja nasi kwenye ngazi. Watu wanane walikaa kwenye viti vya plastiki. Aliyeongoza alikuwa mama Mwislamu wa makamo, mwenye duka la vitambaa mjini, buibui yake ikiwa na vumbi la chaki ya kushonea.

“Karibu, mwanangu. Usikae mlangoni, hapo ni pa watu wanaotaka kutoroka.”

“Nitakaa tu hapa.”

“Haya kaa. Lakini nimekuona.”

Mzee mmoja mchongaji kutoka Tabaka, kunakochimbwa mawe ya kisii, alininyooshea kidole. Kansa ilikuwa imemla koo na sauti yake ilitoka kama mtu anayenong’ona siri. “Huyu ni wa utafiti. Mwangalieni kalamu. Kijana, tumewajibu wanafunzi hadi majibu yameisha.”

Watu walicheka. Niliandikisha jina langu kwenye daftari, namba ya simu, kijiji, hata kituo cha kupimia majani kilicho karibu na kwetu. Nasema haya ili ijulikane kwamba katika daftari lile sikudanganya kitu.

Kisha mama wa vitambaa akaniuliza, “Umekuja kwa ajili ya nani?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yangu kumi na moja. Hilo la kwao sikujiandaa nalo. Niliinua macho nikaona akina mama wanne wa umri wa mama yangu, mmoja amejifunga leso ya rangi ileile ya leso yake, wakiningoja kwa upole. Nikisema ni mama, wataniuliza wapi. Nikisema wapi, nitakuwa nimemvua blauzi mbele ya watu kwa mara ya pili, na safari hii kwa mdomo wangu mwenyewe.

“Ni mimi,” nikasema.

“Wapi, mwanangu?”

Mkono wangu ulikwenda wenyewe, upande wa kushoto.

“Hata wanaume hupata,” akasema mama mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Nyamache, kwa sauti ya kuwatuliza wanafunzi. “Msimkodolee macho.”

Nilitaka kurekebisha. Nilikuwa na kama nusu dakika ambayo ingetosha. Lakini mama wa vitambaa alikuwa amehamisha kiti chake hadi mlangoni, ameshika mkono wangu, ananiuliza, “Nani anajua nyumbani?”

“Hakuna.”

“Hata mama?”

“Mama anajua. Lakini hatulizungumzii.”

“Subhanallah. Unalala kweli?”

Nikasema silali. Akauliza kama nakula, nikashika koo nikasema chakula kinasimama hapa. Akauliza naogopa nini zaidi, nikasema naogopa asubuhi. Hayo yote yalikuwa kweli. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, na nikaanza kulia mbele ya wagonjwa wanane wa kansa, mimi niliye mzima, na machozi yakakataa kusimama. Mzee wa Tabaka alifungua mfuko wake akanitilia kitu mkononi: kiboko kidogo cha jiwe, laini, kilichokosa masikio.

“Nilichoka kabla ya masikio,” akanong’ona. “Kishike ukiogopa. Hakitakusikia ukilalamika.”

“Dawa yako ni lini?” akauliza mwalimu.

“Jumanne.”

“Tutakuja kukuona kabla ya hapo.”

Nilisema asante. Kwetu kila mtu akiaga husema atakuja kukuona, na wengi hawaji, kwa hiyo sikuliwekea uzito.

Simu zilianza jioni ileile. Mama wa vitambaa alitaka kujua kama nimekula. Mwalimu alinitumia sala ndefu yenye aya. Ijumaa asubuhi mzee alipiga, na kwa kuwa sauti yake haikusikika vizuri, tulikaa kwenye laini nikisikiliza pumzi yake, kisha akakata. Kila mara nilipotaka kuungama niliandika ujumbe, nikausoma, nikabadilisha neno moja, nikaufuta. Niliandika na kufuta mara nyingi mno hadi nikaanza kuogopa kwamba simu yenyewe itautuma kwa hasira.

Halafu Jumamosi, mama akiwa ibadani, kwani kanisa letu huabudu siku hiyo, nilisimama mbele ya kipande cha kioo katika esaiga nikajipapasa. Nilitaka tu kuhakikisha. Nikakuta uvimbe, mdogo, kama punje ya maharagwe, chini ya chuchu ya kushoto. Nikapapasa kulia, nikahisi hakuna. Nikarudi kushoto, upo. Nilikaa kitandani nikawaza kwamba mtu hatamki ugonjwa akiuweka mwilini mwake bure, kwamba kuna mahali maneno huandikwa, na kwamba nimeandikisha. Ningekufa, mama abaki bila wa kumbebea kikapu. Au tungekufa wote, na dada arudi akute boma lina moshi wa majirani waliokuja matangani. Nilipapasa tena hadi ngozi ikawa nyekundu na kila kitu kikawa uvimbe. Nilishika kiboko cha jiwe. Kilikuwa baridi, na kilichukua muda mrefu kupata joto la mkono.

Mama alirudi mapema, kabla ibada haijaisha. Alisema ameketi nyuma karibu na mlango, mtoto wa mtu akavuta kitambaa chake, pini ikafunguka. Hakusema zaidi. Aliingia ndani, na Jumapili hakutoka hadi mchana. Nilihesabu mia tatu mara nne siku hiyo. Nilipomletea uji, aliupokea kupitia upenyo wa mlango, mkono tu.

“Kesho kutwa ni Jumanne, mama.”

“Najua siku.”

“Nikuitie boda?”

“Tata,” alisema. Mama wa kwetu humwita mwanawe hivyo, kama anamwita baba yake, na mama hunitumia neno hilo akiwa amechoka. “Tata, niache.”

Jumatatu alasiri tulikuwa uani tukipukuchua mahindi, bila kusemezana, niliposikia wimbo kwenye njia ya chini. Watu wa ibada tu ndio huimba wakiingia boma la watu, nikadhani wameona kichwa cha mama na wamekuja. Mama naye alidhani hivyo. Alikamata kitambaa kwa mikono miwili. Kisha nikaona buibui.

Walikuwa watatu: mama wa vitambaa, mwalimu mstaafu, na mzee wa Tabaka nyuma akipumzika kila hatua chache. Mwalimu alikuwa amebeba mkungu mzima wa ndizi.

“Umebeba ndizi kuja Nyamira?” mzee alikuwa akimwambia. “Si ungebeba na mvua pia?”

“Nyamaza utunze koo.”

Nilitaka kukimbilia njia ya mto na nilitaka kuwaziba midomo, na nilichofanya ni kuendelea kupukuchua gunzi ambalo halikuwa na punje tena. Mama aliwakaribisha, akawaletea viti, kwa sababu hakuna namna nyingine ya kufanya na wageni. Wakasali. Mwalimu akamshika mama mkono.

“Mama, pole sana. Tulisema tusimwachie kijana aingie kesho peke yake. Na wewe pia usibaki peke yako. Ni mtihani mzito, mtoto kupata kansa kabla hajaanza maisha.”

Mama alimtazama. Akanitazama mimi. Sijawahi kuona uso ukiishiwa damu namna ile. Midomo yake ilikuwa ya majivu. Aliinuka, mahindi yakatawanyika, akaja moja kwa moja hadi nilipokuwa, akakamata shati langu. Vifungo viwili viliruka. Mikono yake ile ya kuchuma chai, migumu, yenye weusi wa utomvu kwenye vidole, ikaingia ndani ya shati ikaanza kutafuta. Kushoto, kulia, kwapani. Alijua pa kutafuta. Alijua jinsi ya kubonyeza. Hakuwa amenigusa hivyo tangu nilipokuwa wa kubebwa mgongoni.

“Wapi? Nionyeshe. Wapi, tata?”

“Si mimi, mama.”

“Wapi!”

“Si mimi. Niliwadanganya. Sina kitu.”

Mikono ilisimama juu ya kifua changu. Nilisikia mapigo yangu yakimgonga viganja.

“Kama si wewe,” mama wa vitambaa akasema polepole, “basi ni nani, mwanangu?”

Nilifungua mdomo. Ninaapa nilijaribu. Mama alinitazama nikijaribu, na nadhani hapo ndipo alipoona yote: barua, kifua, ukuta wa wodi, na ya kwamba nilijipa ugonjwa wake kwa sababu nilishindwa kumtaja. Akatoa mikono yake, akanifunga vifungo vilivyobaki, kimoja kimoja, akageuka.

“Ni mimi,” alisema.

Akafungua pini. Kitambaa kikaanguka begani, na kichwa chake kikawa wazi kwenye jua la alasiri, kidogo kuliko nilivyodhania.

“Ni mimi, na ni hapa.” Aliweka mkono. Mimi tayari nilikuwa nimegeuka kuelekea shamba la chai. “Na dawa yao si mbaya hivyo. Kutapika naweza. Lakini pale wanakufungua mbele ya mtoto wako. Mbele ya mwanangu. Nitarudi pale niketi vipi?”

Kisha nikasikia mwalimu akivuta pumzi kama mtu aliyepata jibu la hesabu. “Kumbe ni hilo? Mama, si tutakuja sisi? Huyu atakaa nje na boda.”

“Nionyeshe chumba chako,” mama wa vitambaa akasema. “Nina kitu cha kukuonyesha, si cha kuonyeshwa hapa.”

Wanawake waliingia ndani na pazia likafungwa. Nilibaki na mzee. Niligoma kumtazama, nikaokota punje za mahindi moja moja.

“Nilikulilia,” akanong’ona. “Alhamisi, nilipofika nyumbani. Na koo hili. Unajua kulia kunavyouma na koo kama hili?”

“Nisamehe, mzee.”

“Nitafikiria.”

Nilitoa kiboko mfukoni nikamrudishia. Alikigeuzageuza, akakikagua kama anayetafuta nilipokiharibu, kisha akanisukumia mkononi tena.

“Mpe mama yako ikiwa atakitaka. Hatakitaka. Mwoga ni wewe.”

Kutoka ndani kulikuwa na minong’ono mirefu, na mtu akalia, nikadhani ni mama. Kisha, ghafla, sauti yake ikapanda: “Wimbi? Hii yote ni wimbi?”

“Wimbi safi, nafaka ileile ya uji,” ilijibu sauti ya mama wa vitambaa. “Nimeshona kifuko mahali pa lile walilokata, nikajaza, nikapima uzito na mwenzake. Miaka minne sasa. Hakuna anayejua ni lipi.”

“Na ukinyeshewa?”

“Litaota, mama. Nitavuna.”

Mama yangu alicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba kicheko chake huishia kwa kukohoa. Mzee naye alicheka, bila sauti, mabega tu, akishika koo lake kwa maumivu.

Alipotoka aliweka maji ya chai motoni. Aliileta mwenyewe, akaweka vikombe mezani, akarudi nyuma hatua mbili na kusimama. Nilijua anachongoja. Mwalimu aliuliza kama kuna sukari zaidi. Mama wa vitambaa alikunywa hadi chini, akainua kikombe. “Ongeza, dada. Kilima chenu kinaua.”

Hivyo ndivyo ilivyokwenda Jumatatu, na ningependa kusema kwamba hofu iliondoka nao njiani. Haikuondoka. Jumanne niliamka kabla ya kucha, nikaanza kuwaza barabara imenyeshewa, mwalimu atachelewa, mama atabadili nia. Punje ile ya maharagwe niliipapasa tena; muuguzi alikuja kuniambia baadaye kwamba ni mfupa wa ubavu, ambao kila mtu anao. Moshi ulikuwa bado kutoka. Nilikuwa nimehesabu hadi sitini na tatu mlango wa esaiga ulipobishwa.

Mama alikuwa amesimama nje, amevaa nguo yake ya ibada, kitambaa kimefungwa vizuri. Hakuwa amewasha moto kwa sababu alikuwa na haraka.

“Barua iko wapi?”

“Ipi?”

“Unaijua. Ilete unisomee. Wenzangu wataniuliza mambo kule, sitaki kuonekana sijui langu.”

Niliitoa kwenye begi. Karatasi ilipiga kelele nilipoikunjua. Alinigeuzia mgongo akatazama chini kwenye mteremko, ambako ukungu ulikuwa umelala juu ya chai, ili asinione nikisoma wala mimi nisimwone akisikiliza.

“Kama ilivyoandikwa,” alisema. “Safari hii usinirukie.”

Nilianza na mstari wa kwanza. Nilipofika katikati nilisita, nikasikia boda wa kwanza akipanda kilima, nikaogopa kwamba atafika kabla sijamaliza na tutaacha tena hapohapo.

“Endelea, tata,” mama akasema.

Nikasoma neno lenyewe. Nikasoma titi. Nikasoma la kushoto. Mabega yake yalipanda kidogo, yakashuka. Nikaendelea hadi mwisho, kwenye saini.

“Haya,” akasema. “Sasa nitafutie mwavuli.”